Lakabu ya Wachuuzi wa Sungura: Historia na Utambulisho wa Klabu ya Raga ya South Sydney

Tarehe 12 Novemba 2000, watu wanaokadiriwa kufika 80,000 waliandamana katika barabara za jiji la Sydney, nchini Australia. Hawakuwa wakidai nyongeza ya mishahara wala hawakuwa wakipinga vita. Wengi wao walikuwa wamevaa mavazi ya rangi mbili, nyekundu na kijani, na dai lao lilikuwa moja tu: timu yao ya raga irejeshwe katika ligi. Timu hiyo ni South Sydney, ambayo kufikia siku hiyo ilikuwa imepitisha msimu mzima bila kucheza mechi hata moja ya daraja la kwanza. Mgeni aliyepita mjini siku hiyo huenda alicheka. Makala haya yananuia kueleza kwa nini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha kwa wahusika, na namna klabu ya mchezo inavyoweza kubeba utambulisho wa mtaa, tabaka na watu. Katika kufanya hivyo, lakabu ya klabu itapewa uzito kuliko orodha ya vikombe vyake, kwa kuwa lakabu hiyo ndiyo inayofichua mengi zaidi.

Ni vyema kuanza kwa kutofautisha michezo miwili inayoitwa raga. Ile inayofahamika na wasomaji wengi nchini Kenya, yaani ya wachezaji 15 pamoja na tawi lake la wachezaji 7, huitwa raga ya muungano. Raga ya ligi ni ndugu yake aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Ugomvi ulizuka kaskazini mwa Uingereza. Mnamo 29 Agosti 1895 wawakilishi wa klabu zaidi ya 20 walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na chama kikuu cha raga. Kiini cha mfarakano hakikuwa kanuni za mchezo bali ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wachimbaji wa makaa na wafanyakazi wa viwandani, na kila walipoacha kazi Jumamosi ili kucheza walikatwa malipo. Klabu zao zilitaka kuwafidia kiasi kisichozidi shilingi 6 kwa siku. Wakuu wa chama, ambao wengi wao walikuwa watu wa tabaka lililojiweza, walishikilia kwamba raga ni ya kuchezwa kwa mapenzi tu. Ni rahisi kuhubiri mapenzi hayo mbele ya mtu ambaye chakula chake cha jioni hakitegemei asubuhi yake.

Kanuni zilibadilika baadaye. Mwaka 1906 idadi ya wachezaji ilipunguzwa hadi 13, na mtindo wa kurudisha mpira mchezoni ukabadilishwa: mchezaji aliyeangushwa huinuka, huuweka mpira chini, kisha huusukuma nyuma kwa wayo wake. Siku hizi timu inayoshambulia huruhusiwa kukabiliwa mara sita tu kabla ya kuuachia mpira. Mchezo huu kwa hiyo ni wa kasi, wa kugongana, na wenye nafasi chache za kupumzika.

Mbegu ya utengano ilivuka bahari hadi Sydney, nako ilikuta udongo ulio tayari. Katika mwaka wa 1907 kinyozi mmoja, Alec Burdon, aliumia bega alipokuwa akiichezea timu ya jimbo la New South Wales. Kinyozi asiyeweza kuinua mkono hana kazi, na chama cha raga hakikumfidia. Mkasa wa Burdon umekuwa ukisimuliwa tangu hapo kama cheche iliyowasha moto. Agosti mwaka huo huo chama cha raga ya ligi cha New South Wales kiliundwa, na mwanzoni mwa 1908 vitongoji vya Sydney vilianza kuunda klabu kimoja baada ya kingine. South Sydney iliundwa tarehe 17 Januari 1908, katika ukumbi wa manispaa ya Redfern.

Redfern na majirani zake, Waterloo, Alexandria, Zetland na Botany, vilikuwa vitongoji vya watu wa jasho. Karibu na hapo palikuwa na karakana kubwa za reli za Eveleigh, zilizofunguliwa mwaka 1887, na palikuwa na viwanda vya kila aina. Nyumba zilibanana, na kodi ililipwa kwa shida. Klabu jirani na hasimu mkuu, Eastern Suburbs, ambayo baadaye iliitwa Sydney Roosters, ilikuwa na mashabiki wake upande wa mashariki, kunakopatikana mitaa ya kifahari ya ufuoni. Ushindani wa timu hizi mbili ulianza na ligi yenyewe. Katika fainali ya kwanza kabisa, mwaka 1908, South Sydney iliishinda Eastern Suburbs kwa alama 14 dhidi ya 12.

Asili ya lakabu

Klabu hii huitwa Rabbitohs. Neno hilo halimo katika orodha ya kawaida ya majina ya timu za michezo, ambazo hupenda kujiita simba, chui, tai na wanyama wengineo wa kutisha. Asili yake ni mwito wa mchuuzi. Sungura si mnyama wa asili wa Australia. Alipelekwa huko na walowezi kutoka Ulaya, na mwaka unaotajwa sana ni 1859, ambapo mlowezi Thomas Austin aliwaachilia sungura katika shamba lake la Barwon Park, Victoria, ili apate wa kuwinda. Sungura wakazaana kupita kiasi, wakala malisho na mimea, wakawa balaa la nchi nzima. Lakini balaa la mkulima liligeuka kuwa kitoweo cha maskini wa mjini. Nyama ya sungura ilikuwa rahisi, na wachuuzi waliipitisha mitaani wakinadi: "Rabbit-oh!" Mnunuzi alipotoka, mchuuzi alimchuna sungura papo hapo mlangoni.

Kiambata hicho cha mwisho kinastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Kwa asili yake si kiambishi cha kuunda nomino. Ni irabu inayovutwa ili sauti ifike mbali. Yeyote aliyewahi kumsikiliza utingo au mchuuzi jijini Nairobi anaijua mbinu hiyo. Katika Sydney ya zama hizo, mnunuzi wa chupa kuukuu na muuza maziwa nao walitajwa kwa miito yao wenyewe. Hivyo mwito uligeuka kuwa jina la bidhaa inayonadiwa, kisha la mtu anayeinadi, na hatimaye la timu nzima. Ni nadra kupata mfano ulio bayana zaidi wa neno linalohama kutoka kinywani hadi kwa mwenye kinywa.

Masimulizi hutofautiana kuhusu jinsi jina lilivyoiangukia South Sydney. Simulizi moja hueleza kwamba baadhi ya wachezaji wa mwanzo walijipatia fedha kwa kuwauza sungura asubuhi ya Jumamosi, kisha wakaenda uwanjani alasiri. Jingine huongeza kwamba waliingia kucheza wakiwa na fulana zilizotapakaa damu ya sungura, na kwamba wapinzani waliojiona bora ndio waliowabandika jina hilo kwa kejeli. Masimulizi haya hayapingani sana. Yote mawili yanamweka mchezaji wa South Sydney mahali pamoja: mtu anayefanya kazi ya mikono siku ile ile ya mechi. Yumkini ndiyo sababu jina lilikubaliwa badala ya kukataliwa. Maana ya kudunisha ilifutika, ikabaki maana ya ujamaa, kama inavyotokea kwa lakabu nyingi za kejeli pindi mwenye kuitwa anapoamua kuitika. Sungura mweupe anayekimbia ndiye nembo ya klabu, juu ya rangi nyekundu na kijani ambazo imezivaa tangu 1908.

Lakabu ya pili, ile ya "Fahari ya Ligi", ilitokana na ushindi. Haina haja ya kuelezwa kwa kirefu. South Sydney imetwaa ubingwa mara 21, idadi ambayo hakuna klabu nyingine ya ligi hiyo iliyoifikia. Kati ya 1925 na 1932 ilitwaa mara 7 katika misimu 8, na katika msimu wa 1925 haikushindwa hata mechi moja. Kipindi cha pili cha neema kilikuwa miaka ya 1950, na cha tatu ni kuanzia 1967 hadi 1971, ilipotwaa ubingwa mara 4.

Hata hivyo, mwandishi wa historia asiyetaka kuwa mshairi wa sifa hana budi kuutaja ubingwa wa 1909. Fainali ya mwaka huo ilipangwa kuchezwa kama utangulizi wa pambano jingine la maonyesho. Klabu ya Balmain ilihisi kwamba huko ni kudharauliwa, ikagoma, na ilisisitiza kwamba South Sydney ilikuwa imekubali kugoma pia. South Sydney ilifika uwanjani. Ikaanzisha mchezo bila mpinzani, ikauokota mpira wake yenyewe, ikafunga, ikatangazwa bingwa. Wafuasi wa Balmain waliukumbuka usaliti huo, kama walivyouita, kwa vizazi. Klabu ambayo ingekuja kulia hadharani kwamba imedhulumiwa ilikuwa imewahi kutuhumiwa dhuluma.

Fahari nyingine ya klabu hii ni ya kutatanisha. Mashujaa wake wakubwa hukumbukwa kwa mifupa iliyovunjika. Mwaka 1955 timu ilikuwa ikiburura mkia hadi katikati ya msimu, ikalazimika kushinda mechi 11 mfululizo ili kutwaa ubingwa, nayo ikazishinda zote. Katika mojawapo ya mechi hizo, dhidi ya Manly, Clive Churchill alivunjika mkono mapema, akaendelea kucheza, na mwishowe akapiga mkwaju ulioleta ushindi. Katika fainali ya 1970, pia dhidi ya Manly, nahodha John Sattler alipigwa ngumi dakika za mwanzo, taya likavunjika. Alimwomba mwenzake amshikilie asianguke, ili wapinzani wasijue kwamba ameumia, akacheza hadi mwisho. South Sydney ikashinda 23 kwa 12. Masimulizi haya yamekuwa kama visasili vya kundi: humfunza kijana wa mtaa kwamba maumivu huvumiliwa kimya. Kwa mtazamo wa leo, ambapo mchezaji aliyepigwa kichwani hutolewa nje akapimwe na daktari, sifa hizo zina walakini wake. Lakini zieleweke katika muktadha wa watu ambao siku moja ya kukosa kazi ilikuwa siku ya njaa. Sattler aliaga dunia mwaka 2023.

Redfern ya wenyeji asilia

Utambulisho wa kitabaka pekee hauielezi klabu hii kikamilifu. Katika karne ya 20 wenyeji asilia wa Australia walihamia Redfern kwa wingi kutoka mashambani, wengine wakitafuta kazi katika karakana za Eveleigh. Mtaa huo ukawa kitovu cha harakati zao: shirika lao la huduma za kisheria lilianzishwa hapo mwaka 1970, na la matibabu mwaka 1971. Raga ya ligi ilikuwa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi kwao, na timu ya mtaa ilikuwa South Sydney. Eric Simms, aliyeichezea miaka ya 1960 na 1970, alikuwa hodari mno wa kuudondosha mpira na kuupiga upite kati ya milingoti. Mikwaju yake ilikuwa mingi kiasi cha kuchangia mabadiliko ya kanuni: thamani ya bao la namna hiyo ilishushwa kutoka alama 2 hadi 1 mwaka 1971. Si wachezaji wengi wanaoweza kudai kwamba kanuni za mchezo zilibadilika kwa sababu yao.

Bustani ya Redfern, ambayo uwanja wake ulikuwa makao ya timu kuanzia 1948 hadi 1987, ndipo Waziri Mkuu Paul Keating alipohutubia tarehe 10 Desemba 1992. Katika hotuba hiyo alikiri hadharani kwamba walowezi ndio waliowanyang'anya wenyeji asilia ardhi na kuwatendea ukatili. Ukumbi wa uanzilishi, uwanja wa nyumbani na mahali pa kukiri huko, vyote ni vya mtaa mmoja. Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba timu ya mtaa huo haina nafasi tena, uamuzi haukusikika kama hesabu ya kibiashara tu.

Kufurushwa na kurejea

Kufurushwa huko kulianza na vita vya televisheni. Mwaka 1995 kampuni ya News Limited, ya Rupert Murdoch, ilijaribu kuunda ligi yake yenyewe kwa kuzivuta klabu na wachezaji kwa fedha nyingi. South Sydney ilibaki na chama cha zamani. Mwaka 1997 Australia ikawa na ligi mbili pinzani za mchezo mmoja, hali iliyoziumiza zote mbili. Mwishoni mwa mwaka huo pande hizo zilipatana kuunda ligi moja ya taifa, kwa sharti kwamba kufikia msimu wa 2000 klabu zibaki 14. Mwaka 1998 zilikuwa 20. Kilichofuata kinaeleweka: klabu zilishurutishwa kuungana au kuondoka. St George ikaungana na Illawarra, Balmain na Western Suburbs, North Sydney na Manly. North Sydney, iliyokuwa mpinzani wa South Sydney katika mechi yao ya kwanza mwaka 1908, ikapoteza uhuru wake namna hiyo.

South Sydney, chini ya mwenyekiti wake George Piggins, mchezaji wa zamani wa timu, ilikataa kuungana na yeyote. Tarehe 15 Oktoba 1999 ilitangazwa kuwa imeondolewa. Siku chache kabla ya hapo maelfu ya watu walikuwa tayari wamejimwaga barabarani, na mwaka uliofuata wakarudi kwa wingi maradufu katika maandamano yaliyotajwa mwanzoni. Mashabiki wa timu nyingine nao walijiunga, kwa kuwa walitambua kwamba mwenzao akinyolewa, wao watie maji.

Kesi iliyofunguliwa mahakamani ilihusu sheria ya ushindani wa kibiashara ya 1974, na ina mvuto wa pekee kwa wasomi wa semantiki, kwa kuwa ilitegemea neno moja: kusudi. Sheria ilikataza washindani wa kibiashara kupatana kwa kusudi la kuzuia watu mahususi wasipate huduma. Hakuna aliyekana kwamba sharti la klabu 14 lilisababisha South Sydney kuachwa nje. Swali lilikuwa kama kuachwa huko kulikuwa kusudi la sharti, au matokeo yake tu. Mwishoni mwa 2000 jaji wa Mahakama ya Shirikisho aliamua dhidi ya klabu. Tarehe 6 Julai 2001 majaji wa rufani, wawili kwa mmoja, waliubatilisha uamuzi huo, na South Sydney ikarudishwa katika ligi kwa msimu wa 2002. Kisha Agosti 2003 Mahakama Kuu ya Australia, majaji wanne kwa mmoja, ikasema kwamba News Limited ndiyo iliyokuwa na haki tangu mwanzo: kusudi lilikuwa kupunguza idadi ya timu, si kuizuia timu fulani.

Kwa hiyo klabu ilishindwa kisheria, lakini wakati huo ilikuwa tayari imo ndani, na hakuna aliyethubutu kuitoa tena. Mtu anaweza kubishana na tafsiri ya Mahakama Kuu. Anayechimba mashimo 14 kwa ajili ya miche 17 anajua kwamba mitatu itakauka, hata kama hajaitaja kwa majina. Kwa upande mwingine, sheria isiyotofautisha kusudi na matokeo ingefanya kila mkataba wa biashara kuwa kosa, na hoja hiyo nayo ina nguvu.

Kurejea hakukuleta neema. Timu iliburura mkia mwaka 2003, 2004 na tena 2006, na hazina ilikuwa tupu. Mwaka 2006 mwigizaji Russell Crowe na mfanyabiashara Peter Holmes à Court walijitolea kununua asilimia 75 ya klabu kwa dola milioni 3 za Australia. Piggins alipinga. Wanachama walipiga kura mwezi Machi. Sharti lilikuwa angalau asilimia 75 ya kura zikubali, na waliokubali walikuwa asilimia 75.8. Hapa ndipo penye kitendawili. Watu wale wale walioandamana kupinga fedha za tajiri mmoja ziamue hatima ya timu yao waliwakabidhi matajiri wengine wawili sehemu kubwa ya timu hiyo, kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja ya kura. Watetezi wa mauzo hayo walisema kwamba tajiri huyu ni shabiki, na kwamba wanachama walibakiwa na asilimia 25. Waliopinga walisema kwamba kitu kilichouzwa hakiandamaniwi tena. Pande zote mbili zilikuwa zimeandamana pamoja mwaka 2000.

Ubingwa uliofuata ulipatikana tarehe 5 Oktoba 2014, miaka 43 baada ya ule wa 1971. Mbele ya watazamaji 83,833, South Sydney iliishinda Canterbury-Bankstown kwa alama 30 dhidi ya 6. Greg Inglis, mmoja wa wenyeji asilia waliopata kuwa nyota wakubwa wa mchezo huo, alifunga trai ya mwisho na kutambaa uwanjani kama kenge, ishara aliyokuwa akiifanya kila mara. Sam Burgess, mzaliwa wa Dewsbury, kaskazini mwa Uingereza, si mbali na Huddersfield, alivunjika mfupa wa shavu katika mgongano wa kwanza kabisa wa mechi. Hakutoka. Baada ya kipenga cha mwisho alivishwa medali ya mchezaji bora wa fainali, ambayo tangu 1986 hutolewa kwa jina la Clive Churchill.